George na Isabella Bush: ndoa ya Missouri, safari ya 1844, na shamba lililohitaji sheria ya Bunge

Mkaa Tacoma (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mwaka wa tisa sasa naishi jimbo la Washington, kaskazini-magharibi mwa Marekani. Kila wiki kazi inanipitisha Tumwater, mji mdogo ulioungana na Olympia, makao makuu ya jimbo. Kusini ya mji kuna uwanda unaoitwa Bush Prairie, na uwanja wa ndege wa Olympia umejengwa hapo hapo. Miaka yote nilidhani jina hilo lina maana ya pori. Kumbe ni jina la ukoo. Mwenye ukoo huo alikuwa mtu mweusi, mkewe mzungu, na walifika hapa na watoto wao mwaka 1845, kabla Marekani na Uingereza hazijakubaliana mpaka upite wapi.

Tangu nilipolijua hilo nimewafuatilia hawa watu kama ndugu zangu. Nitawasimulia kwa vipande kwa sababu nipo zamu, mnivumilie.

George Bush alizaliwa Pennsylvania. Baba yake alikuwa na asili ya Afrika, mama yake Muirishi. Ujanani aliingia kwenye biashara ya ngozi za wanyama, hasa biva, mnyama wa mtoni mwenye manyoya mazito, kazi iliyowapeleka vijana wengi wa wakati ule milima ya magharibi, huko ambako walowezi walikuwa hawajafika. Lishikeni hilo, maana alipokuja kuhama na familia hakuwa anaenda gizani kama wenzake.

Baadaye akatulia magharibi ya Missouri, akawa mfugaji na mfanyabiashara wa ng'ombe. Mwaka 1831 akamwoa Isabella James, mzaliwa wa Tennessee, mwenye asili ya Kijerumani. Wakajaliwa wana watano wa kiume kabla ya safari: William Owen, Joseph, Rial, Sanford na Jackson. Mali walikuwa nayo. Lakini Missouri ilikuwa jimbo la watumwa. Mtu mweusi huru mwenye mke mzungu na zizi limejaa aliishi kwa hisani ya majirani, na hisani ya jirani huisha siku anapohama au anapokufa.

Naendelea baada ya mapumziko.

Binti Mzizima

Shusha mkuu, tupo. Swali dogo: huyo Isabella alikubalije? Miaka ile mwanamke wa kizungu kuolewa na mtu mweusi katika jimbo la watumwa si jambo dogo.

Mkaa Tacoma

Dada yangu, hapo umegusa ninapoumia mimi. Karibu kila ubao na kila makala inaanza na "George Bush, mlowezi mweusi", kisha Isabella anapewa mstari mmoja. Alikaa miaka 32 katika ndoa ile. Alivuka kilomita zaidi ya 3,000 na watoto watano, mkubwa ana miaka 12. Akamzaa wa sita ugenini, na huyo wakamwita Lewis Nisqually. Jina hilo la pili ni la watu wenyeji wa mahali walipofikia. Wazazi hawampi mtoto jina la jirani kama hawaishi naye kwa wema.

Turudi safarini. Masika ya 1844 Bush na rafiki yake Michael Simmons walijiunga na msafara mkubwa wa kwenda Oregon, jina lililobeba wakati ule eneo lote la kaskazini-magharibi, pamoja na Washington ya leo. Njia ilianzia Missouri, ikafuata mto Platte, ikapita Fort Laramie, ikavuka milima ya Rocky kwenye pengo la South Pass, kisha Fort Hall, mto Snake, milima ya Blue, mpaka mto Columbia. Kwa maksai ni miezi mitano hadi sita. Ukisikia msafara wa magari usidhani watu walipanda wakakaa. Gari lilibeba unga, nyama ya nguruwe ya chumvi, zana za kilimo, mbegu na matandiko. Wenye miguu walitembea, wakubwa kwa wadogo. Miongozo ya wakati ule ilishauri karibu kilo 90 za unga kwa kila mtu mzima, na atakayepakia fanicha za bibi yake ajue ataziacha njiani, kwa sababu maksai wakichoka hakuna wa kuwasaidia. Mwaka huo tena mvua zilikuwa za ajabu. Mito ya Missouri na Kansas ilifurika vibaya, na msafara ukakwama kwenye matope wiki nyingi mwanzoni kabisa.

Simulizi za familia zinasema Bush alitengeneza sakafu ya pili kwenye gari lake na kuficha fedha chini yake, zaidi ya dola 2,000. Zinasema pia baadhi ya familia za msafara zisingeweza kuondoka bila msaada wake. Kwa hiyo mtu aliyekuwa na sababu kubwa kuliko wote ya kuogopa kule waendako ndiye aliyewabeba wengine.

Kaka Mrima

Aliogopa nini hasa? Oregon si ilikuwa kaskazini, hakuna utumwa?

Mkaa Tacoma

Hapo ndipo penye kisa chenyewe, mkuu.

Kijana mmoja aliyekuwa msafara huo, John Minto, aliandika kumbukumbu zake uzeeni. Anasema siku moja njiani alipanda farasi pamoja na Bush, na Bush akamfungulia moyo. Alimwambia kwamba wakifika Oregon ataangalia kwanza watu wa rangi wanatendewaje. Kama hawezi kupata haki za mtu huru, ataomba hifadhi kwa serikali ya Mexico, California au New Mexico, maana nchi hizo wakati ule zilikuwa za Mexico. Minto anasema yeye na wenzake wachache waliweka nia kwamba Bush akiguswa, watasimama naye.

Na Bush alikuwa na haki ya kuwa na wasiwasi. Juni 1844, wao wakiwa bado nyikani, serikali ya muda ya walowezi wa Oregon ilipitisha sheria. Kifungu kimoja kilipiga marufuku utumwa. Vilivyofuata vikasema mtu mweusi huru hana ruhusa ya kukaa Oregon. Mwanamume aondoke ndani ya miaka 2, mwanamke 3. Asipoondoka apigwe viboko visivyopungua 20 na visivyozidi 39, na arudiwe kila miezi sita mpaka aondoke.

Aliyeisukuma ni Peter Burnett, naye mtu wa Missouri, aliyetangulia na msafara wa mwaka mmoja nyuma. Huyo baadaye alikuja kuwa gavana wa kwanza wa jimbo la California. Desemba hiyo hiyo viboko viliondolewa, ikawekwa adhabu ya kazi ya lazima, na mwaka 1845 sheria ikafutwa kabla haijamchapa mtu. Lakini ilikuwa imeshafanya kazi yake. Oregon iliweka marufuku nyingine 1849, na ya 1857 ikaingia ndani ya katiba, ikakaa humo hadi 1926.

Kaka Mrima

Sielewi. Unakataza utumwa halafu unamfukuza aliye huru?

Mkaa Tacoma

Soma vile viwili pamoja utaelewa. Wengi wa walowezi wale walikuwa wakulima wadogo kutoka majimbo ya watumwa. Walichukia kushindana na tajiri mwenye watumwa 50. Na hawakutaka kuishi na mtu mweusi vilevile, awe mtumwa au huru. Walitaka ardhi yote iwe yao peke yao. Machi 1844 kulikuwa na ugomvi kwenye maporomoko ya Willamette, mwenyeji mmoja na watu wengine wakafa, na chanzo kilikuwa farasi wa mtu mweusi mmoja mlowezi. Hilo likatumika kama kisingizio kwamba weusi na wenyeji wakipatana au wakigombana, yote ni hatari.

Basi akina Bush wanafika mto Columbia mwisho wa 1844, wamechoka, mifugo imekonda, wanaambiwa habari ya viboko. Jamani, jiwekeni pale. Watoto watano, majira ya baridi yameingia, na kurudi nyuma ni milima ile ile.

Bush alibaki The Dalles, kituo kando ya mto Columbia, na mifugo majira yote ya baridi. Simmons na mkewe wakakaa chini kidogo ya mto, karibu na Fort Vancouver, ngome ya kampuni ya Kiingereza ya biashara ya ngozi, Hudson's Bay. Wengi walitazamia wageni wageuke kusini kwenye bonde la Willamette, kwenye udongo mzuri na walowezi wenzao. Kundi hili lilikataa. Simmons alipeleleza kaskazini kiangazi cha 1845 mpaka kwenye ghuba ya Puget, akarudi kusema pako mahali. Wakaamua kuvuka Columbia.

Kwa nini kaskazini? Kwa sababu upande ule nchi ilikuwa bado inagombewa na Uingereza, na mkono wa serikali ya Oregon haukufika. Kampuni ya Hudson's Bay haikupenda Wamarekani wavuke, lakini haikuwa na sheria ya kumchapa mtu kwa ngozi yake. Familia tano na vijana wawili wasio na wake, watu kama thelathini, walipanda mto Cowlitz kisha wakafyeka njia msituni karibu wiki mbili ili magari yapite. Vuli ya 1845 wakafika kwenye maporomoko ya mto Deschutes, unapoingia baharini. Pale ndipo Tumwater, makazi ya kwanza ya kudumu ya Wamarekani kwenye ghuba ya Puget. Bush akachagua uwanda wa kusini.

Angalieni hili: kundi zima la wazungu liligeuza njia kwa sababu ya mwenzao mmoja aliyekatazwa.

Mama wa Watatu

Nimesoma huku machozi yananilenga. Walikula nini mwaka wa kwanza? Ukifika ugenini vuli hujapanda kitu.

Mkaa Tacoma

Mama, umeuliza swali la mtu anayejua nyumba.

Walikopeshwa ngano, njegere na viazi na kituo cha kampuni cha Fort Nisqually, chini ya Dakta William Tolmie. Walilipa kwa kupasua vigae vya mbao za mwerezi vya kuezekea. Na wenyeji Wanisqually waliwafundisha ufuo: samaki wa salmoni wakati gani, chaza na kombe wanachimbwa wapi bahari ikitoka. Akina Bush wakajifunza lugha yao. Magonjwa ya wageni, surua hasa, yalipowaangukia wenyeji, nyumba ya Bush iliwauguza, na kazi hiyo ilikuwa ya Isabella.

Miaka michache baadaye kulikuwa na kinu cha kusaga na cha kupasua mbao pale maporomoko, na Bush alikuwa na mchango wake ndani. Shamba likastawi. Kila mlowezi mpya aliyepita njia ile alijua kuna nyumba atalala na kula bila kudaiwa.

Kisha ukaja msimu wa 1852. Wahamiaji walikuwa wengi, nafaka chache, bei zikaruka. Walanguzi wakaja kwa Bush na fedha taslimu wakitaka kununua mavuno yote. Aliwakatalia. Akawagawia majirani na wageni chakula na mbegu, atakayeweza alipe baadaye. Hao wageni walikuwa wazungu ambao sheria iliwapa ardhi bure, wakila kwa mtu ambaye sheria hiyo hiyo ilimnyima. Kuhusu ardhi nakuja sasa hivi.

Mzee wa Kibondo

Ndugu mleta uzi, simulizi ni nzuri na umeisimulia vizuri. Ila mimi mzee nauliza: hiyo ardhi aliyoichagua Bush ilikuwa ya nani? Maana hawa wenyeji unawataja wakifundisha kuchimba kombe, halafu wanapotea.

Mkaa Tacoma

Shikamoo mzee. Swali lako ni la haki.

Ardhi ilikuwa ya Wanisqually na majirani zao wa Salish. Nyanda zile wazi hazikuwa wazi zenyewe. Wenyeji walizichoma moto kwa mpango, kizazi kwa kizazi, ili camas, mmea wa porini wenye tunguu linaloliwa, uote na malisho yawe mazuri. Mlowezi alipoona uwanda mzuri katikati ya misitu, alikuwa anaona kazi ya mikono ya watu.

Desemba 1854 gavana Isaac Stevens aliwasainisha mkataba wa Medicine Creek na kuwabana kwenye hifadhi ndogo isiyofaa. Mwaka uliofuata vita vikazuka. James McAllister, mmoja wa wale waliokuja na Bush, aliuawa Oktoba 1855. Shamba la Bush halikuguswa. Kiongozi wa Wanisqually, Leschi, alikuwa rafiki wa nyumba ile, na wana wa Bush waliendelea kumsema kwa wema hata uzeeni, wakati kumtetea Leschi hakukumpatia mtu sifa. Leschi alinyongwa Februari 1858 kwa shtaka la mauaji. Mwaka 2004 mahakama maalumu ya kihistoria ya majaji wa jimbo ilitamka kwamba hakupaswa kushtakiwa, kwa kuwa ilikuwa vita.

Kwa hiyo mzee, jibu langu ni hili: Bush alikuwa jirani mwema juu ya ardhi ya watu wengine. Yote mawili ni kweli, nami sitalificha moja ili lingine ling'ae.

Mzee wa Kibondo

Marahaba. Nimeridhika. Endelea na habari ya hati.

Mkaa Tacoma

Juni 1846 Marekani na Uingereza zilisaini mkataba, mpaka ukawekwa latitudo ya 49. Tumwater ikawa Marekani. Bush aliikimbia sheria akavuka mto, na sheria ikavuka mto ikamfuata, naye hajasogea hata hatua moja.

Mwaka 1850 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kugawa ardhi Oregon. Mlowezi aliyefika kabla ya Desemba 1850, kama ameoa, alipata ekari 640, nusu ikiwa jina la mke mwenyewe, jambo la kipekee kwa wakati ule. Lakini sheria ilitaja waziwazi wazungu, na machotara wa Kizungu na Kihindi Mwekundu. Mtu mweusi hakuwamo. Simmons anapata, Kindred, mwenzao wa msafara, anapata. Bush aliyewalisha wote, hana.

Maana yake mgeni yeyote aliyeshuka jana angeweza kuweka kigingi katikati ya ngano ya Bush na kusema hapa pangu, na karani wa ardhi angemwandikia.

Washington ilitengwa na Oregon mwaka 1853. Bunge lake la kwanza lilipokaa Olympia mwaka 1854, Simmons na majirani wengine walisukuma ombi liende Washington DC. Februari 1855 Bunge la Marekani likapitisha sheria kwa ajili ya mtu mmoja, ya kumpa nafuu George Bush wa kaunti ya Thurston, ikamthibitishia ekari zake 640, kama hekta 259.

Nimeisoma mara nyingi. Watu wananiambia ni habari ya furaha, na kweli majirani wale walisimama. Lakini angalieni: ilibidi wabunge wa taifa zima wapige kura ili mtu aliyelima miaka kumi aitwe mwenye shamba. Na sheria ilimhusu yeye peke yake. Mweusi wa pili angeanza upya. Na kupiga kura yeye mwenyewe, Bush hakuruhusiwa mpaka anakufa.

Binti Mzizima

Alikufa lini? Na Isabella?

Mkaa Tacoma

George alifariki Aprili 1863, miezi michache tu baada ya tangazo la Lincoln la kuwaachia huru watumwa wa majimbo yaliyoasi. Isabella alimfuata 1866. Wamezikwa Tumwater.

Mwana mkubwa, William Owen, yule wa miaka 12 njiani, akawa mkulima hodari kuliko baba. Ngano yake ilishinda tuzo kwenye maonyesho makubwa ya Philadelphia mwaka 1876. Washington ilipokuwa jimbo kamili mwaka 1889, alichaguliwa kwenye bunge la kwanza la jimbo, mtu wa kwanza mwenye asili ya Afrika kuingia humo. Huyo ndiye aliyewasilisha muswada wa kuanzisha chuo cha kilimo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, kule Pullman. Vijana wa Kitanzania na Kenya wanaosoma pale, mjue mnakaa kwenye madawati ya mtoto wa Isabella.

Mama wa Watatu

Kuna kitu chochote chao kilichobaki cha kuona kwa macho? Mwanangu yupo Seattle, nataka nimtume.

Mkaa Tacoma

Kipo mama. Ndani ya lile gari, pamoja na fedha na unga, walibeba kokwa za mti mmoja wa jamii ya jozi kutoka Missouri, mti usioota wenyewe upande huu wa nchi. Walizipanda shambani walipofika, na mti ukakua ukawa mkubwa kuliko nyumba. Miche ikaoteshwa kutokana na kokwa zake. Mmoja umepandwa kwenye viwanja vya bunge la jimbo, Olympia, karibu na mnara uliowekwa mwaka 2021 kwa majina ya wote wawili, George na Isabella.

Kutoka Seattle ni kama saa moja na nusu kwa gari, magari yakiwa machache barabarani. Aende vuli, kokwa zinapoanguka. Akinitafuta inboksi nitampeleka mwenyewe Jumapili, tuanzie kwenye mti, tumalizie makaburini.